Nani Atamjibu?



Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 kuleta Injili, alianza kwa kujifunza lugha yetu, na mwaka ule ule alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Leo mama anaweza kuipeleka Injili mbali akiwa jikoni, uji ukichemka. Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952, inasomwa bure katika simu kwa programu ya YouVersion, iliyoanza mwaka 2008. Filamu ya "Yesu" ya mwaka 1979 imetiwa sauti za lugha zaidi ya 2,000. Hata bibi asiyejua kusoma aweza kusikilizishwa.

Basi, Neno limefika. Je, kazi imekwisha?

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 8. Yule towashi wa Kushi alikuwa na chuo cha Isaya mkononi, tena alikuwa akisoma. Alichokosa ni mtu wa kumweleza. Filipo hakumtupia chuo kingine garini. Alipanda, akaketi naye, akajibu swali lake. Hapo ndipo wengi wetu tunapopungukiwa. Tunapeleka ujumbe kwa watu mia, halafu mmoja akiuliza, hakuna anayemjibu.

Kwanza, mwandikie mtu mmoja unayemjua. Ujumbe uliozunguka sana, WhatsApp yenyewe imeuwekea kikomo tangu Aprili 2020: hupelekwa kwa mtu mmoja au kikundi kimoja tu kwa mara moja, ili kupunguza uvumi. Usisambaze maombi ya vitisho, yale ya "usipotuma kwa watu kumi utapata msiba". Hiyo si Injili. Kumbuka pia kwamba video ndefu humla jirani bando alilonunua kwa ajili ya biashara yake. Maneno machache kwa sauti yako, katika lugha ya nyumbani kwenu, yatamfikia vizuri zaidi.

Pili, jipangeni kujibu. Katika umoja wenu wa akina mama, wekeni zamu: nani atajibu Jumatatu, nani Jumanne. Wanawake wajibu wanawake. Swali likikuzidi, sema utauliza, kisha urudi na jibu. Halafu mtafutie huyo dada kanisa lililo karibu naye na mtu wa kumpokea mlangoni. Machi 2020, makanisa ya Kenya yalipofungwa kwa ajili ya korona, mahubiri yaliingia sebuleni kwa Facebook na YouTube, nasi twamshukuru Mungu. Lakini simu haiwezi kumbatiza mtu, wala kukaa na mfiwa matangani.

Tatu, na hili ni zito, tunza siri. Dada anayekuandikia usiku juu ya ndoa yake au ugonjwa wake amekukabidhi maisha yake. Ukipiga picha ya skrini na kuipeleka kikundini "tumwombee", umemwanika. Tena yuko binti anayeuliza habari za Yesu katika nyumba ya imani nyingine. Jina lake likitajwa kama ushuhuda kabla hajawa tayari, huenda akalala nje. Hata serikali zimeliona jambo hili: sheria za kulinda taarifa za watu, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinahesabu habari za afya na imani ya mtu kuwa nyeti. Je, sisi tuliofundishwa upendo tuwe wazembe kuliko sheria? Omba nao bila kutaja majina. Mungu anamjua.

Mwigeni Prisila. Yeye na Akila walipomsikia Apolo akifundisha bila kuijua njia yote, hawakumsahihisha mbele ya umati. Walimchukua kwao, wakamweleza taratibu. Yu wapi dada aliyeandika swali kikundini, akachekwa, akanyamaza? Mfuate faraghani.

Mwezi huu, kabla ya kusambaza ujumbe mwingine, rudi nyuma katika simu yako. Tazama ni nani aliyekuuliza jambo, ukasahau kumjibu. Anza na huyo.

Bwana awabariki pamoja na nyumba zenu.