Ndoa Si Dawa ya Jeraha la Moyo



Leo naitetea tamthilia, na najua wapo watakaoguna. Nakubali, nyingi za Kituruki ni majumba makubwa, mapenzi na machozi yasiyo na sababu. Lakini Masumlar Apartmanı, iliyoanza kuoneshwa TRT 1 ya Uturuki mwezi wa Septemba 2020, imesema jambo ambalo sisi kina mama, masomo na makungwi tunalinyamazia kila msimu wa harusi: mtu aliyeumizwa moyo utotoni haponi kwa kuozwa.

Kwa ambaye hajaiona, ni hadithi ya ndugu wanaoishi jengo moja mjini Istanbul. Safiye, dada mkubwa, anafua na kusugua tangu asubuhi mpaka usiku. Mgeni akiingia kwake ni kama kaingia na najisi. Mdogo wake, Gülben, ni mtu mzima lakini bado anakojoa kitandani na kuficha mashuka. Kaka yao, Han, usiku anatoka kuokota taka mitaani na kuzihifadhi kwa siri.

Mwanzoni unaweza kucheka. Ukiendelea, kicheko kinakukauka, kwa sababu unaoneshwa mama yao alivyokuwa: mkali, mwenye kuhangaishwa na usafi, na aliyemtesa Safiye tangu mdogo. Mama kafa, lakini bado anamsema Safiye kichwani.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia waandishi. Hawakumleta daktari akae atuhutubie. Wametuonesha tabia kwanza, sababu baadaye, nasi tukajikuta tunamhurumia mtu tuliyekuwa tunamcheka. Tena wametuonesha nyumba moja inavyoweza kutoa majeraha matatu tofauti: huyu anaosha, huyu anakojoa, huyu anaokota. Haikutungwa hewani. Imetoka katika kitabu cha Gülseren Budayıcıoğlu, daktari wa maradhi ya akili aliyeandika kutokana na kazi yake na wagonjwa.

Sasa mtazameni Han. Nadhifu, mpole, ana kazi, anawapenda ndugu zake. Akija kuposa kwako, nani atamkataa? Anamuoa İnci, anamleta jengoni, na siri zote anazo yeye. Huyo bibi harusi kaingia ndani ya jeraha la watu bila ya kuambiwa neno.

Na sisi je? Kijana halali usiku, anapiga ukuta, anajifungia siku tatu. Wazee wanasema, "Muozeni, atatulia." Msichana anatetemeka akisikia sauti ya mwanamme kwa sababu ya aliyotendewa mdogo. Tunasema, "Akipata mume atasahau." Mimi nashona magauni ya harusi. Tutazungumza lesi na shanga saa nzima, urefu wa shela utapimwa mara tatu, lakini anachokwenda kukikuta ndani ya ile nyumba hakimo katika mazungumzo ya mtu yeyote.

Wapo wanaosema ni jini tu, au imani ndogo. Someni ruqya, sikatai, Qur'ani ni shifaa. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, akatufundisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa. Nabii Yaaqub (A.S.) alilia kwa ajili ya Yusuf mpaka macho yakawa meupe. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa ndogo? Na huyu Safiye tunamjua vizuri. Ni yule dada anayerudia udhu mara kumi mpaka sala inampita. Wanavyuoni wetu wameuzungumza wasiwasi huu tangu zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, na wasiwasi akautaja humo kama maradhi yenye matibabu. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, sisi tunamwita mwenzetu kichaa, na jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya kutibu watu, tunalifanya tusi.

Mtaniambia, "Dini inaamrisha sitara." Kweli. Sitara ni kutoitangaza aibu ya mtu barazani na kwenye makundi ya simu. Kumficha yule atakayelala chumba kimoja naye si sitara, ni udanganyifu. Fatima bint Qays alipomtaka ushauri Mtume (S.A.W.) juu ya wanaume wawili waliomposa, alimwambia wazi kasoro ya kila mmoja, kisha akamshauri aolewe na Usama. Hakumwambia, "Nenda tu, utayaona huko huko."

Simaanishi aliyeumia asiolewe wala asioe. Aolewe, tena apendwe. Lakini ajulikane, na tiba iwe imeanza, asitegemewe bibi harusi wa miaka ishirini kuwa ndiye daktari. Na wewe uliyemo ndani tayari, mhurumie mwenzako, msindikize hospitali, ila jua kuwa maradhi yake hayampi ruhusa ya kukupiga.

Kwa hiyo dada yangu unayeposwa, kabla ya mahari kutajwa, mtume walii wako akaulize: Huyu analala vipi? Akikasirika hufanya nini? Kwao kulikuwaje alipokuwa mdogo? Na kama mwenye jeraha ni wewe, mtafute daktari na mtu mzima unayemuamini umwambie, kabla hujatiwa hina.

Na nyinyi masomo, mkishamaliza kufundisha singo na upishi, ongezeni somo hili.

Allah awaponye wenye kuumwa nyoyo, na azijaalie nyumba zetu ziwe na utulivu. Amin.