Beni-Butembo: Utumbo wa mtoto unajijenga upya, lakini maji machafu hayaupi nafasi

Miji ya Beni na Butembo imepokea jamaa nyingi za wahami: waliokimbia mauaji ya ADF upande wa Oicha na Eringeti, na waliokimbia vita kusini mwa Lubero baada ya M23 kuteka Kanyabayonga mwezi wa sita 2024. Wengi wamepokelewa katika familia za wakaaji. Nyumba moja, choo kimoja, bidoni moja ya maji. Mtoto mmoja akianza kuhara, wenzake wanafuata.

Wazazi wengi wanaamini kwamba kuhara kukisimama, ugonjwa umekwisha. Si hivyo. Virusi kama rotavirus vinaharibu ngozi ya ndani ya utumbo, ile inayonyonya chakula. Kwa bahati, mwili una mafundi wake. Ndani ya vishimo vidogo sana vya utumbo kuna seli mama, ambazo kikundi cha Hans Clevers, huko Uholanzi, kilizitambua katika panya mwaka 2007. Zinazaa seli mpya mchana na usiku, na ngozi hiyo inabadilishwa karibu yote kwa siku 3 hadi 5.

Lakini fundi hajengi bila vifaa. Mwaka 2004, OMS na UNICEF zilishauri mtoto anayehara apewe SRO pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi 6, miligramu 20 akiwa amepita hapo. Kuacha vidonge siku ya 3 ni kumfukuza fundi ukuta ukiwa nusu. Kumnyima mtoto ziwa au uji ili tumbo lipumzike ni kosa hilohilo. Na mtoto asiyeweza tena kunywa apelekwe haraka kituo cha afya.

Hata hivyo, mzigo huu si wa mama peke yake. Mtoto anayerudi kwenye maji yaleyale anaambukizwa tena kabla utumbo haujapona. Ikiendelea hivyo kwa miezi, anakula bila kunenepa wala kurefuka.

Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, ndoo za kunawia mikono ziliwekwa mbele ya ofisi, makanisa na masoko. Kumbe inawezekana. Viongozi wa miji na mashirika ya kiutu wapeleke klori na maji safi kwanza katika mitaa yenye wahami wengi. Bila hayo, zinki ya siku 10 itabaki kazi ya kurudia kila mwezi.