Mficha Maradhi Kifo Humuumbua

Hapa kwetu Uthiru mtu akikohoa hukimbilia kemisti kando ya barabara ya Naivasha na kusema, "Nipe ile ya kifua." Haulizwi ameanza kukohoa lini. Humaliza chupa, akanunua nyingine.

Nami nilifanya vivyo hivyo mwaka jana. Mama alipochoka kunisikia usiku, alinipeleka hospitali ya serikali. Makohozi yakapimwa: TB, yaani kifua kikuu! Kumbe ile dawa tamu ilinyamazisha kikohozi tu huku ugonjwa ukinila, nami nimeketi darasani na wenzangu arobaini. Nilimeza vidonge miezi sita, na sikulipa hata ndururu, kwani dawa za TB hutolewa bure.

Wengine watasema, "Aa, si ni homa tu!" Lakini kikohozi ni mbwa anayebweka langoni, ukimfunga mdomo, mwizi bado yumo uani. Kwa maoni yangu, kikohozi kikifika wiki mbili, weka chupa chini ukapimwe. Nao wauza dawa, kabla ya kupokea pesa zetu, watuulize tu: "Tangu lini?"