Leza kwa Embe ya Malindi? Poa, Lakini Tuanzie Chini ya Mti

Maze cheki hii. Msimu wa maembe ukifika, vuka daraja la Sabaki uingie Magarini, utaona ngowe zimerundikwa kando ya barabara zikingoja kanta. Sasa niambie, ile embe iko juu kabisa imetoka shamba la nani? Hujui. Broka pia hajui. Amebeba za huyu mzee, akaongeza za yule mama, zote gunia moja.

Majuu wako mbele. Mwaka 2017 Marks & Spencer ya Uingereza ilianza kuandika avokado kwa leza badala ya kubandika stika. Mwanga unatoa rangi ya juu ya ganda tu, nyama ya ndani haiguswi, hakuna wino wala gundi. Weka namba ya shamba hapo na tunda linatembea na kitambulisho chake.

Utasema hizo ni mbwembwe za wazungu. Zii. Kumbuka 2014. Nzi wa matunda, yule anataga mayai chini ya ganda mpaka embe inajaa funza, alifanya Kenya ijisimamishe yenyewe kuuza maembe Ulaya kabla ifungiwe. Soko likafunguka tena 2021. Miaka saba! Aliyeweka mitego shambani na aliyeacha maembe yaoze chini ya mti, wote walikula huu.

Hapo ndio unaona kazi ya kujua tunda limetoka wapi. Funza akipatikana, linasimamishwa shamba moja, si nchi nzima.

Lakini tusidanganyane. Leza inaandika kile imeambiwa. Kama maembe yalishachanganywa kwa gunia huko Marafa, itaandika uongo, tena kwa mwandiko msafi. Kazi inaanzia chini ya mti: kreti ya kila mkulima kivyake, namba yake, tarehe ya kuvuna, kwa daftari ama simu. Hiyo haihitaji doo ya leza.

Na swali lenyewe ni hili: hiyo namba itamlipa mkulima ama itamlaumu tu? Embe ikiwa safi, bei ipande. Kama namba yake inatafutwa siku ya funza pekee, mzee wa Magarini ataikataa, na mimi siwezi kumlaumu.

Wewe je, ungeongeza mbao kwa embe inayokuambia imetoka kwa nani?