Kabla hujaishusha Subaru yako, pima kwanza tuta la kwenu

Umeinunua hatimaye. Impreza WRX, imeshukia Mombasa kutoka Japani, umeilipia kwa akiba, mkopo wa sacco na kitu kidogo kutoka kwa mjomba aliyeapa hatamwambia mamako. Sasa kila asubuhi unaiangalia pale pakingi na kuna kitu kinakukera: ile nafasi kati ya tairi na fenda. Ngumi nzima inaingia. Mbogi imeshasema ndai inakaa kama matatu ya mashambani, na fundi mmoja pale Kirinyaga Road amekuambia hiyo ni kazi ya nusu siku, ilete tu.

Usiipeleke bado.

Na sikupi ile hotuba ya wazee kwamba kijana mwenye deni hafai kutaka gari lipendeze. Unafaa. Gari lililoshushwa vizuri ni kitu kizuri kutazama, na anayekuambia ni ushamba pengine ana Probox na wivu. Tena si urembo tu. Kwenye lami safi, gari likiwa chini halilali sana kwenye kona, na usukani unakujibu haraka. Hiyo ni fizikia. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hapo nilikuwa nimeshafika.

Sasa tafuta rula. Impreza hutoka kiwandani ikiwa na takriban sentimita 15 kati ya tumbo lake na ardhi. Springi fupi zinakunyang'anya 3 hivi, wakati mwingine 4. Umebaki na 11 au 12, na hapo gari ni tupu. Pakia wasee wanne wa kwenda Naivasha na kreti nyuma, inashuka tena. Sasa toka na hiyo rula hadi kwa tuta la karibu na geti yenu, lile ambalo watu wa mtaa walimwaga simiti usiku bila kumuuliza mtu. Lipime.

Shida ya Nairobi ni kwamba hakuna anayeishi kwenye barabara moja. Expressway, tangu ifunguliwe 2022, inakupa kilomita 27 za raha kutoka Mlolongo hadi Westlands. Lakini hakuna anayelala Expressway. Unalipa, unashuka, halafu inakuja ile nusu kilomita ya mwisho: murram, mtaro uliochimbwa na watu wa maji ukafukiwa na udongo, na lile jiwe ambalo mtaa mzima unalijua. Hapo unapita mara mbili kila siku, mvua iwe au isiwe. Unaweza kusema ya kulaumiwa ni barabara, si gari. Nakubali kabisa. Kila lita ya mafuta unayoweka ina shilingi 25 za kutunza barabara. Lakini sampu yako haitasubiri tenda itangazwe.

Kama unaniona mwoga, nenda kwa wale walioifanya Subaru iheshimiwe hapa. Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akarudia kwa Impreza mwaka wa 2000. Magari hayo yaliinuliwa juu, yakapewa shoki za kusafiri mbali na vyuma vya kukinga tumbo. Mwaka uleule wa 1997 McRae alishinda pia Corsica, ambako ni lami tupu na kona, na huko gari lilikuwa chini. Dereva mmoja, aina moja ya gari, msimu mmoja, vimo viwili. Hawakuuliza mbogi inasemaje. Waliangalia wanapitia wapi.

Watu hufikiri hasara ni kukwaruza bampa. Bampa ni pesa ndogo. Ukishusha gari, shoki inabaki na nafasi fupi ya kucheza. Ukiingia kwenye shimo inafika mwisho, inagonga, na gurudumu linaruka badala ya kushika barabara. Yaani lile gari ulilolishusha ili lishike kona, sasa linaachia kona mradi kona ina mashimo. Mikono ya chini ya magurudumu nayo ikishainama vibaya kupita kiasi, bodi inaweza kulala kwenye kona kuliko mwanzo. Matairi yanaliwa upande wa ndani, mahali ambapo huoni ukiwa umesimama, mpaka siku ya mvua. Na sampu ikipasuka kwa jiwe, mafuta ya injini yanamwagika, na una dakika chache tu za kuzima kabla injini haijakaukiana. Hiyo injini ndiyo mkopo wako wa sacco.

Kinachoniudhi zaidi ni biashara ya kukata springi. Fundi anachukua grainda, anaondoa mzunguko mmoja, anarudisha. Bei ya chakula cha mchana. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi huku shoki ikiwa ni ileile ya zamani, kwa hiyo gari linadunda kama mpira. Ncha iliyokatwa nayo haikai sawa kwenye kikombe chake. Ukiruka tuta, springi inaweza kuhama mahali pake. Fikiria hilo saa nane usiku kwenye Thika Road, ukiwa na watu watatu ambao mama zao wanajua wako na wewe. Fundi akikuambia amefanya hivyo kwa magari mia, muulize mangapi yamerudi kumshukuru.

Kwa hivyo hizo pesa zipeleke wapi? Gari la miaka saba kutoka Japani mara nyingi shoki na bushi zake zimechoka, na uchovu huo ndio unaokufanya udhani linayumba kwa sababu liko juu. Badilisha hizo kwanza. Weka matairi ya maana. Fanya alainmenti. Halafu endesha wiki mbili. Kumbuka injini ya Subaru imelala, pistoni zinakwenda kando badala ya juu na chini, kwa hiyo uzito wake ulishashushwa kiwandani. Ile ngumi inayoingia kwenye fenda unaweza kuipunguza kwa rimu na matairi yanayojaza nafasi vizuri, bila kugusa springi.

Kama unakaa mahali lami inafika hadi mlangoni na kazi yako iko mahali kama hapo, basi mjadala ni mwingine. Shusha, lakini kidogo, kwa springi na shoki zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja, au koilova za kurekebisha kimo ili ukienda ushago Desemba uinue. Weka chuma cha kukinga sampu. Rekebisha taa, maana gari likiinama mbele mwanga nao unainama. Na iambie kampuni ya bima kwa maandishi kabla ya kazi kufanywa, kwa sababu siku ya ajali watatuma mtu wa kukagua gari, na huyo mtu atachungulia chini.

Bado unataka kuishusha Jumamosi hii? Sawa. Lete rula.