Chombo cha Kiporo Kisidharauliwe

Suala la chombo cha kuhifadhia chakula kilichopikwa aghalabu huchukuliwa kuwa jambo dogo la jikoni, lisilostahili nafasi katika ukurasa kama huu. Sisi twaona vingine. Hapa Nakuru na katika viunga vyake, kutoka Naivasha hadi Molo, jambo hili lagusa mfuko wa mwananchi na afya yake pia.

Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji huchemka yafikapo karibu nyuzi 94, wala si 100 kama yafanyavyo Mombasa. Molo, ambako ni juu zaidi, huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwenye kipimajoto, lakini mama aliyebandika sufuria ya githeri huilipa kwa makaa au kwa gesi, kwa kuwa maharagwe ya huku hukawia kuiva. Ndiyo sababu jamaa nyingi zilizojaliwa kuwa na friza huchemsha gorogoro zima kwa siku moja, zikala kiasi na kugandisha yaliyosalia. Ni busara kubwa. Kiporo kikiharibika, hakuharibiki maharagwe peke yake. Makaa ya saa tatu nayo yamekwenda bure.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na mfuko mwembamba wa plastiki. Mfuko huo ulipigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017, na adhabu iliyotangazwa ilikuwa kali: faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Hatulalamiki. Yeyote aliyewahi kuiona mifuko ikipeperushwa na upepo kutoka jalala la Gioto atakiri kwamba marufuku ile ilistahili. Hata hivyo, mama wa nyumbani aliachwa atafute badala yake mwenyewe, na hapo ndipo mashaka yalipoanzia.

Badala iliyo karibu ni mkebe wa aiskrimu au wa siagi ya Blue Band uliokwisha kutumika. Mkebe huo hatuulaumu sana. Ulitengenezewa chakula na waweza kuhimili baridi, mradi chakula kitiwe kikiwa kimepoa. Kosa ni kuumiminia mchuzi unaotokota, au kuutia katika tanuri la maikrowevu kuyeyushia barafu, kwani haukuundiwa joto. Ukishapasuka au kukwaruzika ndani, utupwe.

Linalotutia hofu ni ndoo iliyokuwa na rangi ya nyumba, na mtungi uliokuwa na dawa ya kunyunyizia viazi au ngano. Sisi ni watu wa mashamba, na mitungi hiyo imejaa katika nyua zetu. Plastiki hunywa sehemu ya kile kilichotiwa ndani yake, na hakuna sabuni wala majivu yatakayokitoa chote. Mtungi wa dawa hupaswa kusuuzwa mara tatu, kisha utobolewe usitumike tena. Usitiwe maji, seuze uji wa mtoto.

Basi chombo gani kifae? Chombo kizuri cha kugandishia ni kifupi kuliko kirefu, ili baridi ifike katikati upesi. Chakula kilichojazwa katika ndoo ya lita 4 huweza kubaki vuguvugu moyoni kwa saa nyingi huku juu kumeshika barafu, na vuguvugu ndilo vijidudu hulipenda. Chombo kitoshe mlo mmoja wa nyumba, kwa sababu kilichoyeyushwa na kuachwa mezani hakifai kurudishwa kwenye friza. Kifuniko kishike barabara. Hewa ikipenya, nyama hukauka na kupoteza ladha. Plastiki iliyo bora kwa kazi hii ni polipropilini, ambayo hutambulishwa kwa tarakimu 5 ndani ya pembetatu chini ya chombo. Alama ya glasi na uma huonyesha kwamba kimekusudiwa chakula. Chuma kisichoshika kutu chafaa pia, na hudumu miaka. Sufuria ya alumini isitumiwe kuhifadhia mchuzi wa nyanya, maana ukali wa nyanya huila.

Wako wanaopenda chupa za jemu. Hao nao wakumbuke kwamba maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Chupa yenye mabega iliyojazwa hadi shingoni itapasuka, na vipande vya kioo kwenye maharagwe si jambo la mzaha. Iachwe nafasi ya vidole viwili, na chupa yenyewe iwe nyoofu.

Wala tusisahau umeme. Usiku wa Agosti 25, 2023 nchi karibu yote iliingia gizani, na haikuwa mara ya mwisho. Friza iliyojaa sawasawa, isiyofunguliwa, huweza kuhifadhi baridi yake kwa muda wa saa 48. Iliyo nusu tupu, saa 24 hivi. Hapa vyombo vya pembe nne huvishinda vya mviringo, kwa kuwa hupangana bila kuacha mianya. Mwenye nafasi tupu na aijaze chupa za maji. Zitagandia humo zimsaidie siku ya giza.

Haya yote mnunuzi angeyajua kama angeambiwa. Lakini pita katika maduka ya vyombo mjini, au kwa wachuuzi walio karibu na Soko la Wakulima, utakuta mabakuli yamepangwa kwa rangi zake za kupendeza, mengi hayana alama yoyote, na muuzaji akiulizwa hujibu kwamba yote ni ya chakula. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 champa mnunuzi haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike na kile anachokinunua. Hatuoni ni kwa nini haki hiyo isifike kwenye bakuli la shilingi 100. Twaliomba Shirika la Viwango, pamoja na maafisa wa afya wa kaunti, watake kila chombo kinachouzwa kwa ajili ya chakula kipigwe chapa ya aina ya plastiki yake na joto kinachoweza kulihimili, tena kwa Kiswahili. Maduka makubwa yaanze, wachuuzi wapewe muda.

Kwa sasa, mnunuzi na akipindue chombo atazame chini yake kabla ya kutoa pesa.