Usipunguze vitone, kuza maandishi

HUENDA nyumbani kwako kuna kijana anayesomea uandishi wa programu za kompyuta. Kila jioni analalamika kwamba kichwa kinamgonga na macho yanamwasha. Kabla hujamlaumu kwa uvivu, hebu simama nyuma yake utazame anavyoketi. Je, amesogeza pua hadi karibu na skrini kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano? Basi huenda taabu imo katika skrini hiyo.

Kazi yake si sawa na kutazama filamu. Katika programu, nukta ikikaa mahali pa koma, au herufi l ikidhaniwa ni tarakimu 1, kazi nzima hukwama. Alama hizo ndogo ndogo ndizo anazozisoma kwa saa nyingi.

Skrini imeundwa kwa vitone vya mwanga viitwavyo pikseli. Ile ya 1920 kwa 1080 ina vitone 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, na idadi hiyo haibadiliki tangu itoke kiwandani. Wengi wakiona maandishi ni madogo, hukimbilia kupunguza idadi hiyo katika mipangilio, labda hadi 1366 kwa 768. Kweli maandishi hukua, lakini huingia ukungu, kwa kuwa vitone vya picha havilingani tena na vitone vya skrini. Macho nayo hutaabika kuondoa ukungu usioondoka.

Dawa ni kuacha pikseli katika kiwango cha skrini yenyewe, kisha kukuza maandishi. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali palipo wazi, ingia katika mipangilio ya skrini, nawe utakuta asilimia: 100, 125, 150 na kuendelea. Kwa laptopu ya inchi 15.6 yenye 1920 kwa 1080, asilimia 125 huwafaa wengi. Iwapo ni programu ya kuandikia tu inayosumbua, kama vile Visual Studio Code, bonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha.

Na je, ukienda dukani kununua skrini? Kumbuka kuwa ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Skrini ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080 ina pikseli kama 92 katika kila inchi. Ya inchi 27 yenye idadi iyo hiyo ina 82 tu. Utalipia ukubwa, lakini hutaona hata mstari mmoja zaidi wa programu, na kingo za herufi zitakwaruza.

Kwa inchi 27, tafuta 2560 kwa 1440, ambayo hutoa pikseli 109 kwa inchi na haihitaji kukuzwa. Kama mfuko unaruhusu, ipo ya 3840 kwa 2160, iitwayo 4K. Hii ukiiacha kwenye asilimia 100, maandishi yatakuwa kama sisimizi. Iweke kwenye 150. Utapata nafasi sawa na ya 2560 kwa 1440, ila herufi zitakuwa safi zaidi.

Mwishowe, jaribu hivi kabla ya kulipa, au hata usiku huu nyumbani. Egemeza mgongo kitini, skrini iwe umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa. Soma mistari kumi ya programu. Je, unatofautisha nukta pacha na nukta mkato bila kuinama? Kama hapana, ongeza asilimia. Kila baada ya dakika 20, inua macho utazame mbali, na usisahau kupepesa.

Ukifanya hayo yote na kichwa bado kinagonga, usingoje tena. Mpeleke kijana kwa daktari wa macho, maana hapo skrini haina lawama.